Luigi Broglio, mhandisi aliyepima hewa ya juu akiwa kwenye bahari ya Ngomeni

Kila tunapomaliza kipindi cha sayansi, ujumbe mwingi wa simu unaotufikia kutoka Msalato, Veyula na Makutupora ni kuhusu ile nyota inayotembea. Huonekana jioni giza linapoanza kuingia, au alfajiri kabla jua halijatoka. Inang'aa kuliko nyota nyingine, haimetimeti, haina sauti, na ndani ya dakika chache imekwisha kata anga na kupotea. Mara nyingi hicho ni Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, nyumba ya chuma ambamo watu wamekuwa wakiishi bila kukatika tangu Novemba 2000. Kipo juu kiasi cha kilomita 400. Umbali huo ni mfupi kuliko barabara ya kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam.

Swali la pili huwa ni hili: mbona hakianguki? Jibu ni kwamba kinakwenda kwa kasi kubwa mno, kama kilomita 28,000 kwa saa. Kwa kasi hiyo, kila kinapovutwa chini, dunia nayo imekwisha jipinda chini yake, hivyo kinaendelea kuizunguka. Lakini jibu hilo ni nusu tu. Ukweli ni kwamba kinashuka, kidogo kidogo. Hata huko juu kuna hewa, nyembamba kupita kiasi, nayo inakikwaruza na kukipunguzia kasi siku hata siku. Wasimamizi wake hulazimika kuwasha injini mara kwa mara ili kukipandisha tena.

Je, hewa hiyo ni kiasi gani? Hilo ndilo lililomshughulisha mhandisi mmoja wa Kiitaliano kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Jina lake ni Luigi Broglio. Hakuwahi kwenda angani, wala hakumrusha mtu yeyote huko. Kazi yake ilikuwa ni kupima njia ambayo wengine wangepita. Na vipimo vyake vikubwa hakuvifanyia Roma wala Marekani, alivifanyia hapa Afrika Mashariki, baharini mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kutoka Msalato, kama ndege angeruka moja kwa moja, ni kama kilomita 600.

Kutoka madaraja hadi ndege

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 Mestre, mji ulio ng'ambo tu ya Venice. Mwaka 1934 alihitimu uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Roma, kile kinachojulikana kama La Sapienza. Uhandisi wa ujenzi ni fani ya madaraja, majengo na mabwawa: unajifunza mzigo unakaa wapi na nguzo itabeba kiasi gani. Baadaye aliingia kitengo cha wahandisi cha Jeshi la Anga la Italia, na hesabu zile zile za mizigo na nguzo akazihamishia kwenye mabawa ya ndege.

Hapa hatuna budi kukumbushana jambo moja. Mwaka 1935 Italia ya Mussolini iliivamia Ethiopia, na ndege zake zilimwaga gesi ya sumu juu ya askari na raia. Broglio wakati huo alikuwa kijana aliyetoka chuoni mwaka mmoja nyuma, na hatumhusishi na uovu ule. Tunalitaja kwa sababu miaka 30 baadaye mtu huyu, akiwa na cheo kikubwa katika Jeshi la Anga la Italia, alikuja kuomba nafasi ya kurushia roketi kwenye pwani ya nchi ya Kiafrika iliyopata uhuru juzi tu. Wazee waliokumbuka vita ya Ethiopia walikuwa bado hai. Kuaminiwa lilikuwa suala zito, pengine zito kuliko roketi yenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili aliendelea na jeshi na chuo kwa pamoja. Mwaka 1952 akawa mkuu wa shule ya uhandisi wa ndege ya La Sapienza, akimrithi Gaetano Arturo Crocco, mmoja wa waasisi wa elimu ya ndege na roketi nchini Italia. Alijenga mtambo wa kupulizia upepo wenye kasi kuliko sauti, ambamo kifani kidogo cha ndege hufungwa na kupulizwa ili kuona hewa inavyokisukuma. Tangu hapo, ukiyatazama maisha yake, ni mwendo wa kuifuata hewa: kwanza hewa nzito ya chini inayobeba ndege, kisha hewa nyembamba ya juu inayoangusha satelaiti.

Januari 1961, katika kisiwa cha Sardinia, timu yake ilirusha roketi ndogo za utafiti zilizopanda juu na kumwaga mvuke wa sodiamu. Mvuke ule uling'aa angani, na kwa kuufuatilia unavyosambaa walijua upepo wa huko unaelekea wapi. Roketi za namna hiyo hupanda na kushuka ndani ya dakika chache. Broglio alitaka chombo kitakachobaki huko juu kwa miezi.

Mizani ndani ya tufe

Hewa hupungua kadiri unavyopanda. Sisi wa Dodoma tunaishi zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu tayari ni nyepesi kuliko ya Malindi au Tanga. Bawa la ndege hupata nguvu ndogo zaidi kwenye hewa nyepesi, hivyo ndege hukimbia chini muda mrefu kabla ya kuinuka. Hiyo ni sababu mojawapo ya njia ya kurukia ya uwanja mpya wa Msalato kupangwa iwe ndefu kiasi cha kilomita 3.6.

Sasa panda hadi kilomita 200. Hapo hewa ni nyepesi mara bilioni kadhaa kuliko hii tunayovuta. Ni karibu na bure, lakini chombo kinachopita humo kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa hukutana na chembe nyingi sana, na kila chembe humgusa kidogo. Tatizo ni kupima mguso huo. Huwezi kuweka kipimo cha kawaida cha hewa nje ya chombo, kwa sababu ni kama kutaka kupima uzito wa unyoya kwa mizani ya magunia.

Suluhisho la Broglio lilikuwa rahisi kulieleza, ingawa kulitengeneza kulihitaji ufundi wa hali ya juu. Alitengeneza satelaiti yenye umbo la tufe ambayo kwa kweli ni vitu viwili. Nje kuna ganda jepesi. Ndani kuna kiini kizito chenye betri, redio na vyombo vingine. Ganda na kiini vimeunganishwa kwa mikono laini inayonepa, kama springi. Dunia huvuta vyote viwili sawasawa, kwa hiyo mvuto wa dunia hauwezi kuvitenganisha. Lakini hewa hugusa ganda peke yake. Ganda linapocheleweshwa na hewa, kiini kizito kinaendelea na mwendo wake, na ile mikono inanepa. Ukipima imenepa kiasi gani, umepima hewa. Ukitaka kuona wazo lake karibu, tazama mizani ya kuning'iniza ya mchuuzi wa nyama: nyama haionyeshi uzito wake yenyewe, bali springi ndiyo inayovutika, na mshale unasoma.

Wahandisi wakakipa kifaa kile jina lake, mizani ya Broglio. Satelaiti nzima ikaitwa San Marco, kwa heshima ya Marko Mtakatifu, msimamizi wa mji wa Venice.

Fedha na ruhusa vilipatikana haraka kuliko ilivyo kawaida ya serikali. Broglio na mwanafizikia Edoardo Amaldi walikwenda kwa waziri mkuu Amintore Fanfani mwaka 1961, na mpango ukapita. Mwaka 1962 Italia ilikubaliana na shirika la anga la Marekani, NASA: Wamarekani watoe roketi aina ya Scout na mafunzo, Waitaliano wajenge satelaiti na wajifunze kurusha wenyewe. Makumi ya wahandisi na mafundi wa Kiitaliano wakaenda Marekani kujifunza. Tarehe 15 Desemba 1964, kutoka kisiwa cha Wallops katika jimbo la Virginia, San Marco 1 iliruka. Satelaiti za Uingereza na Kanada zilikuwa zimetangulia mwaka 1962, lakini zile zilirushwa na Wamarekani. Hii roketi ilikuwa ya Marekani, ila waliobonyeza kitufe walikuwa wanafunzi wa Broglio.

Kwa nini Ngomeni

Chukua baiskeli, igeuze miguu juu, paka tope kwenye gurudumu kisha lizungushe. Tope la karibu na ekseli halitoki. La ukingoni linakurukia usoni. Dunia nayo huzunguka hivyo hivyo. Aliyesimama kwenye Ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita kama 1,670 kwa saa. Aliyeko Roma anabebwa kwa kilomita kama 1,240 tu. Sisi wa Msalato tumo karibu kabisa na wa Ikweta, kiasi cha 1,660, na bado chai haimwagiki. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na Ikweta huanza safari ikiwa tayari imesukumwa na dunia yenyewe. Kwa roketi ndogo kama Scout, yenye urefu wa mita 22 hivi, msukumo huo ni kilo za mzigo.

Kuna sababu ya pili, na kwa Broglio tunaona ndiyo ilikuwa kubwa zaidi. Alitaka kupima hewa iliyo juu ya Ikweta, si ya kwingineko. Satelaiti inayorushwa kutoka mbali na Ikweta hupita juu yake kwa kuikata tu, mara mbili kila mzunguko. Ili izunguke ikifuata mstari wa Ikweta muda wote, njia rahisi ni kuirusha kutoka hapo hapo. Aidha pawe na bahari tupu upande wa mashariki, maana vipande vya roketi vilivyokwisha kazi lazima vidondoke mahali pasipo na watu. Pwani ya Kenya ilikuwa na vyote.

Halafu ikaja siasa. Wakati huo Afrika Mashariki ilikuwa na kituo kingine cha anga, na habari zake zinawagusa Watanzania moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, enzi za Waingereza, Marekani ilijenga Tunguu, kisiwani Unguja, kituo cha redio cha mradi wa Mercury, uliowapeleka Wamarekani wa kwanza angani. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipokuwa anaizunguka dunia, alipopita juu ya pwani yetu aliongea na watu wa Tunguu, na daktari aliyekuwa kituoni akafuatilia hali yake ya afya. Kilikuwa kituo cha kusikiliza na kuongea tu, hakikurusha kitu. Lakini Wazanzibari wengi hawakuamini hivyo. Walikiona kama kambi ya makombora ya taifa kubwa iliyowekwa kwao bila wao kuulizwa, na wanasiasa wakalibeba jambo hilo majukwaani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wamarekani wa kituo waliondoka, na kufikia Aprili mwaka huo kituo kilikuwa kimefungwa.

Tunadhani kosa la Tunguu halikuwa antena. Lilikuwa ni kwamba makubaliano yalifanywa na mkoloni. Broglio alikuja kwa mlango mwingine. Alianza kwa chuo kuzungumza na chuo, Roma na Nairobi, kisha mkataba ukafanywa na serikali ya Kenya huru. Na mitambo ya kurushia hakuiweka ardhini. Aliiweka baharini.

Kampuni ya mafuta ya Italia, ENI, ilitoa jukwaa la kuchimbia mafuta lenye miguu mitatu, likakokotwa hadi Ghuba ya Ungwana na kusimamishwa mbele ya Ngomeni. Likaitwa Santa Rita. Miezi michache tu baada ya uhuru wa Kenya, mwaka 1964, roketi za kwanza za utafiti ziliruka kutoka hapo. Baadaye likaja jukwaa la pili, kubwa zaidi, lililokuwa mali ya jeshi la Marekani. Hilo ndilo San Marco, la kurushia satelaiti. Wakati wa kurusha, watu walikaa Santa Rita kwenye chumba cha kuongozea, na San Marco likabaki na roketi peke yake. Kati ya majukwaa hayo palipita nyaya chini ya maji. Kila kitu, kuanzia maji ya kunywa hadi misumari, kilivushwa kwa boti kutoka nchi kavu.

Tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 iliruka kutoka majini pale. Hakuna aliyewahi kurusha satelaiti kutoka jukwaa la baharini kabla yake, wala kutoka karibu na Ikweta kiasi kile. Ilizunguka hadi Oktoba, ikisoma hewa kila mzunguko, na hatimaye ikaangushwa na hewa ile ile iliyotumwa kuipima.

Satelaiti iliyoitwa Uhuru

Wamarekani walipoona kazi inakwenda, nao wakaomba nafasi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka 7 ya uhuru, timu ya Broglio ilirusha satelaiti ya NASA ya kutafuta miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Msimamizi wa mradi, mhandisi Marjorie Townsend, aliipa jina la Uhuru kwa ajili ya siku hiyo na wenyeji wa mahali pale. Kwa hiyo katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima, neno letu limo.

Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei angani. Vipimo vyake juu ya kitu kimoja kiitwacho Cygnus X-1 vilisaidia wanasayansi kusadiki kwamba mashimo meusi yapo kweli, si hesabu za karatasini tu. Mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyehamia Marekani, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Baada ya hapo kazi ilifuatana. Kwa jumla satelaiti 9 zilirushwa kutoka Ngomeni kati ya 1967 na 1988: nne za San Marco, nne za Marekani na moja ya Uingereza. Magazeti ya Ulaya yalizoea kumwita Broglio von Braun wa Italia. Sisi hatuoni kama ni sifa njema. Wernher von Braun alijenga roketi za Hitler kwa jasho na damu ya wafungwa kabla ya kuwajengea Wamarekani ile iliyofika mwezini. Broglio alitumia roketi ndogo ya kuazimwa na akapima hewa.

Hewa inayoangusha nyumba

Pengine msomaji anauliza: kupima hewa kuna kazi gani kwa wanaanga? Tazama kilichoipata Skylab. Hiyo ilikuwa nyumba ya kwanza ya Wamarekani angani, iliyorushwa Mei 1973. Makundi matatu ya wanaanga yaliishi humo kwa zamu, na la mwisho lilirudi tarehe 8 Februari 1974. Siku kumi baadaye, tarehe 18 Februari, San Marco 4 iliruka kutoka Ngomeni kwenda kupima hewa ile ile. Wakubwa wa Skylab walitegemea nyumba yao ingeelea hadi miaka ya 1980, na kwamba chombo kipya kingefika kuisukuma juu kabla haijashuka.

Haikuwa hivyo. Jua lina vipindi vya kuchachamaa na kutulia, na linapochachamaa hupasha moto hewa ya juu. Hewa ikipata moto hutanuka, kama maziwa yanavyopanda kwenye sufuria. Mahali palipokuwa karibu patupu panajaa, na chombo kinakwaruzwa zaidi. Jua lilichachamaa kuliko walivyokadiria. Tarehe 11 Julai 1979 Skylab, mali yenye uzito wa makumi ya tani, ilianguka, na vipande vyake vikatawanyika magharibi ya Australia. Hakuna aliyeumia, lakini dunia nzima ilikesha ikiangalia juu.

Hapo ndipo unapoona thamani ya mizani ndani ya tufe. Vipimo vya San Marco, pamoja na vya satelaiti za nchi nyingine, viliingia katika hesabu za wanasayansi za kueleza hewa ya juu inavyobadilika mchana na usiku, na jua linavyoisukasuka. Bila elimu ya namna hiyo huwezi kujua ubebe mafuta kiasi gani ya kukipandisha kituo chenye watu ndani, wala chombo kinachorudi kitaangukia bahari gani. Haikuwa kazi ya kupigiwa makofi. Aliyetembea mwezini anajulikana hadi Hombolo. Aliyepima hewa anajulikana na wenzake.

Broglio alirusha satelaiti ya mwisho ya San Marco tarehe 25 Machi 1988, akiwa na umri wa miaka 76. Alikuwa na mipango mingine. Alitaka Scout iongezewe nguvu kwa injini za Kiitaliano ili Ngomeni iendelee kurusha mizigo mikubwa zaidi. Serikali ya Italia ilikwisha elekeza fedha zake kwenye roketi za pamoja za Ulaya, zinazoruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ambako nako ni karibu na Ikweta. Alibishana na wakubwa wa nchi yake juu ya hilo miaka mingi, bila mafanikio. Scout nayo ilistaafishwa mwaka 1994. Italia ilikuja kupata roketi ndogo yake, Vega, iliyoruka mara ya kwanza Februari 2012, na iliruka kutoka Kourou. Broglio hakuiona. Alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na miaka 89.

Wenyeji walipata nini

Swali hili huwezi kulikwepa. Wabunge wa Kenya na watu wa pwani wameliuliza tena na tena: kituo kimekaa miaka 60, faida yetu iko wapi? Wapo waliopata ajira za ulinzi, upishi, uendeshaji wa boti na ufundi. Lakini Ngomeni ilibaki kijiji cha wavuvi na mashamba ya chumvi, na kwa miaka mingi wataalamu waliosoma data walikuwa wageni. Kwa maoni yetu, hili ndilo eneo ambalo Broglio na serikali zote mbili walilifanyia kidogo mno. Alijua kuwafundisha vijana wa Roma hadi wakarusha wenyewe. Nafasi ya vijana wa Kilifi na Nairobi kufundishwa vivyo hivyo ilichelewa sana.

Ilichelewa, ila ilikuja. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia ulitiwa saini mwaka 2016, na mwaka uliofuata Kenya ikaunda Wakala wake wa Anga. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na La Sapienza, chuo kile kile cha Broglio, walijenga satelaiti yenye umbo la mchemraba wa sentimita 10 kila upande, inayotosha kushikwa kwa mikono miwili. Iliitwa 1KUNS-PF. Tarehe 11 Mei 2018 iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ile nyota yetu inayotembea. Nyingine kubwa zaidi, Taifa-1, iliruka tarehe 15 Aprili 2023. Ilisafirishwa hadi California kurushwa, wakati nyumbani kuna majukwaa mawili.

Kituo cha nchi kavu nacho hakijalala. Sasa kinaitwa Kituo cha Anga cha Luigi Broglio, na antena zake husikiliza vyombo vinavyopita. China imetumia Malindi kufuatilia vyombo vyake vya Shenzhou vinavyobeba wanaanga. Siku ya Krismasi ya mwaka 2021, darubini kubwa ya James Webb iliporushwa kutoka Kourou na kuachana na roketi yake, ishara yake ilinaswa Malindi.

Majukwaa yenyewe, San Marco na Santa Rita, bado yamesimama majini, yameliwa na kutu. Hakuna roketi ya satelaiti iliyoruka pale tangu ile ya Machi 1988. Wavuvi wa Ngomeni hupita karibu nayo wakienda na kurudi, na ukiwa ufukweni siku isiyo na ukungu unayaona yote mawili bila darubini.